Kutoka Fidla Hadi Okestra ya Kompyuta: Nyuzi na Ngoma katika Historia ya Taarab ya Zanzibar

Ikisiri

Programu nyingi za kompyuta zinazotumika kutungia muziki huweka fidla, viola na selo katika fungu la okestra, na huzikusanya ngoma za Afrika, Asia na nchi za Kiarabu katika fungu moja liitwalo ala za dunia. Makala haya yanafuatilia historia ya kuunganisha nyuzi na ngoma katika taarab ya Zanzibar, tangu karne ya 19 hadi enzi ya kinanda cha umeme na kompyuta, ili kuonesha kwamba mgawanyo huo hauna mizizi katika utendaji wala katika msamiati wa Waswahili. Hoja kuu ni mbili. Kwanza, majina ya ala, hasa kinanda, santuri na ngoma, yanahifadhi historia ya mabadiliko hayo. Pili, kinachopungua okestra inapohamia ndani ya mashine si sauti ya fidla yenyewe, bali ni mazungumzo baina ya wapigaji, na baina yao na shairi.

1. Utangulizi

Kundi la ala nne za nyuzi, yaani fidla mbili, viola moja na selo moja, lilipata umbo linalojulikana leo huko Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 18, hasa kupitia kazi za Joseph Haydn. Kwa muda mrefu kundi hilo lilihesabiwa kuwa limekamilika lenyewe na halihitaji ngoma. Katika karne ya 20 mipaka hiyo ilianza kulegea. Mwaka 1992 kundi la Kronos Quartet la Marekani lilitoa albamu ya Pieces of Africa, iliyokusanya kazi za watunzi wa Kiafrika, wakiwamo Hamza El Din wa Nubia, Dumisani Maraire wa Zimbabwe na Justinian Tamusuza wa Uganda. Albamu hiyo ilipokelewa na wasikilizaji wengi wa Magharibi kama mlango mpya: fidla na ngoma zimekutana.

Leo mkutano huo hauhitaji hata wapigaji. Mtunzi mmoja aliyeketi mbele ya kompyuta anaweza kuita fidla mbili, viola, selo, dumbaki, tabla na ngoma za Afrika Magharibi, na zote zikaitika kwa vidole vyake. Hata hivyo, mpangilio wa programu hizo una maana yake. Fidla haitajwi kwa nchi wala kabila. Ni fidla tu. Dumbaki na tabla hupewa fungu la pembeni, kana kwamba fidla haikuzaliwa mahali popote duniani.

Kwa msomaji wa fasihi na muziki wa Waswahili, mgawanyo huo unazua swali la kihistoria. Visiwani Zanzibar fidla na ngoma zimepigwa pamoja kwa zaidi ya miaka mia moja, na hakuna aliyeona kwamba mojawapo ni ya dunia na nyingine si ya dunia. Kama kuna aliyekuwa mgeni katika baraza hilo, basi ni fidla, ambayo hata jina lake la mkopo bado linatangaza ugeni wake.

2. Nyuzi na ngoma kabla ya umeme

Masimulizi yanayokubalika zaidi Zanzibar yanaihusisha taarab na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Inasimuliwa kwamba Sultani alivutiwa na muziki wa Misri, akamtuma Mohamed Ibrahim huko Cairo kujifunza, na aliporejea akaanzisha kundi la kuburudisha kasri. Neno lenyewe, taarab, linatokana na Kiarabu tarab, lenye maana ya msisimko wa moyo unaoletwa na muziki. Muziki huo ulikuwa wa kasri, na lugha yake ilikuwa Kiarabu.

Mwaka 1905 kiliundwa chama cha Ikhwani Safaa, na taarab ikaanza kutoka katika kasri na kuingia katika maisha ya vyama vya mjini. Mageuzi makubwa zaidi ya lugha yaliletwa na Siti binti Saad, mwanamke wa shamba aliyehamia Ng'ambo, upande wa mji waliokaa watu wasio na mali. Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti ya Kiswahili ikaenea pwani nzima na hata bara. Kundi lake lilikuwa dogo: nyuzi chache za udi, fidla na mandolini, pamoja na ngoma ndogo za mkono. Udogo huo haukuwa upungufu. Ulimpa mwimbaji nafasi ya kusikika kila silabi, na ulizipa nyuzi na ngoma nafasi ya kusikilizana.

Baadaye, santuri, redio na sinema za Misri zilileta mfano wa okestra kubwa ya Cairo, iliyovuma kwa majina ya Umm Kulthum na Mohammed Abdel Wahab. Vyama vya Zanzibar vikapanuka. Fidla zikawa safu nzima, zikaongezwa selo, besi kubwa ya kusimama, ganuni, nai na akodiani, huku dumbaki, rika na bongo zikishika mapigo. Ikhwani Safaa, na baadaye Culture Musical Club, vilipiga kwa umbo hilo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1932 Cairo yenyewe iliandaa kongamano kubwa la muziki wa Kiarabu, ambako wataalamu walibishana kama ala za Ulaya, hasa piano, zinafaa kuingizwa katika muziki wenye sauti zilizo kati ya noti na noti. Ubishi huo, kama itakavyoonekana, ulikuwa utangulizi wa suala la kompyuta.

Pembeni mwa okestra hizo kulikuwa na kidumbaki, muziki wa harusi na wa mitaani, ambao watu wengi huuita mtoto wa taarab ingawa una maisha yake. Kidumbaki hutumia fidla moja, ngoma ndogo mbili zilizoupa muziki huo jina lake, sanduku lenye kijiti na kamba linaloshika nafasi ya besi, na vifaa vya kugonganishwa na kutikiswa kama mkwasa na cherewa. Hapa fidla haina safu ya kuisaidia. Imezungukwa na ngoma pande zote, na inalazimika kujibu mapigo yao papo hapo, kwa kasi ya wachezaji. Kwa hiyo, muda mrefu kabla ya mwaka 1992, Zanzibar ilikuwa na namna mbili zilizokomaa za kuoanisha nyuzi na ngoma: moja ya ukumbini, nyingine ya uwanjani.

3. Mazungumzo ya nyuzi, ngoma na shairi

Tofauti kati ya safu ya nyuzi za taarab na kundi la nyuzi nne la Ulaya haiko katika ala, kwa kuwa fidla ni ile ile na selo ni ile ile. Tofauti iko katika kazi inayopewa kila ala. Katika kundi la nyuzi nne, kila mpigaji ana njia yake, na uzuri unatokana na njia nne tofauti zinazokutana. Katika taarab asilia, wapigaji wote wa fidla hufuata mahadhi moja, lakini kila mmoja huyapamba kwa mkono wake: huyu huteleza kidole kabla ya noti, yule hutetemesha, mwingine huchelewa kidogo. Sauti inayotokea ni moja na ni nyingi kwa wakati mmoja.

Muundo huo una uhusiano wa moja kwa moja na shairi. Nyimbo nyingi za taarab asilia zimejengwa kwa beti za mishororo mitatu, kila mshororo ukiwa na vipande viwili vya mizani nane. Mwimbaji akishatoa mshororo, nyuzi huudaka na kuurudia au kuujibu, kisha humwachia tena. Pumziko hilo ndilo linalompa msikilizaji muda wa kulitafakari fumbo. Shairi la taarab husema jambo kwa kulizungukia: ua, ndege, chombo baharini. Msikilizaji anahitaji nafasi ya kujiuliza nani anaambiwa, na nafasi hiyo hujazwa na nyuzi. Kwa maana hiyo, fidla haipambi shairi tu. Ni sehemu ya namna shairi linavyoeleweka.

Ngoma nazo hazikuwekwa kushika saa tu. Mpigaji wa dumbaki ana pigo zito la katikati ya ngozi na pigo jembamba la ukingoni, na rika huongeza mlio wa visahani vyake vidogo. Baadhi ya mapigo yalifika kutoka Misri, mengine yalitoka katika ngoma za visiwani. Kumbwaya ni mfano mzuri: ni mapigo yenye asili katika ngoma za wenyeji, na huweza kuhesabiwa kwa mbili au kwa tatu kwa pamoja, kutegemea sikio la msikilizaji. Fidla iliyojifunza mahadhi ya Cairo ilipowekwa juu ya kumbwaya, ilibidi ijifunze kupumua upya. Hapo ndipo taarab ilipokuwa ya Waswahili, kwa mapigo kama ilivyokuwa kwa maneno.

4. Ushahidi wa majina

Historia hii imeacha alama katika msamiati, na alama zenyewe zinafaa kusomwa kwa makini. Neno kinanda ndilo lenye safari ndefu zaidi. Katika matumizi ya zamani ya pwani, kinanda kilikuwa ala ya nyuzi ya kudonolewa, jamii ya gambusi. Zilipofika ala za Ulaya, neno hilo lilipanuka na kuzikumbatia gitaa, piano, harmonia na hata mashine ya kuchezea santuri. Leo kijana akisikia kinanda, hufikiria ala ya vibonye, na mara nyingi ya umeme. Jina limetoka kwenye uzi likahamia kwenye kibonye bila mtu yeyote kutoa tangazo.

Santuri ina kisa kinachofanana na hicho. Katika Kiarabu na Kiajemi, jina hilo ni la ala ya nyuzi nyingi zinazogongwa kwa vijiti vidogo. Katika Kiswahili, santuri ni sahani iliyorekodiwa muziki. Ala ya nyuzi imelipa jina lake chombo kinachohifadhi sauti ya ala zote.

Ngoma, kwa upande wake, ilikuwa na maana pana tangu mwanzo: chombo, mchezo, mkusanyiko na tukio zima. Katika lugha ya vijana wa mijini, ngoma sasa ni wimbo uliorekodiwa. Msanii hutoa ngoma mpya hata kama ndani yake hakuna ngozi iliyopigwa. Kwa mapigo yaliyotengenezwa na mashine, wasemaji wamechukua neno biti, nao humwita mtengenezaji wake prodyuza. Uchaguzi huo una mantiki. Tukio zima limebaki na jina la Kiswahili, na sehemu iliyofanywa na mashine imepewa jina la mkopo.

Yakiwekwa pamoja, majina haya yanaonesha mwelekeo mmoja. Wasemaji wa Kiswahili hawakuigawa dunia ya ala kwa mabara. Waliigawa kwa namna sauti inavyopatikana: ala za nyuzi, za kupuliza, za kupiga. Katika mgawanyo huo, fidla ya Ulaya, udi wa Uarabuni na zeze la Wagogo hukaa jamvi moja. Fungu la ala za dunia halina mahali pa kuketi.

5. Kinanda cha umeme

Ni kawaida kusema kwamba kinanda cha umeme kilivamia taarab. Historia inaonesha mambo yalikwenda polepole zaidi. Akodiani, iliyokuwa imepokelewa na okestra za Zanzibar kwa heshima zote, ilikuwa tayari ala ya vibonye yenye sauti zilizopangwa kiwandani. Huko Tanga, makundi kama Black Star na Lucky Star yalikuwa yameingiza magitaa ya umeme na kupunguza ukubwa wa okestra. Mombasa ilikuwa na harmonia na taishokoto pamoja na ngoma za Kihindi. Kwa hiyo, mlango wa kinanda cha umeme ulifunguliwa na wanataarab wenyewe, kwa hatua ndogo ndogo.

Hata hivyo, miaka ya 1990 ilileta mabadiliko ya kasi. Katika kipindi cha mageuzi ya uchumi na vyama vingi, makundi kama East African Melody, Tanzania One Theatre na Muungano yaliifanya taarab kuwa burudani ya ukumbi wa biashara. Kinanda kimoja kilipiga sauti za fidla, nai na akodiani. Mashine ya mapigo au ngoma za kinanda hicho hicho zilishika nafasi ya dumbaki na rika. Wapigaji wachache walimaanisha gharama ndogo, vyombo vichache vya kusafirisha na sauti kubwa inayojaza ukumbi. Nyimbo za mipasho, zilizopewa jina la rusha roho, zilikwenda sambamba na umbo hilo. Mpasho haukai kwenye fumbo kwa muda mrefu, unataka kufika. Pumziko refu la nyuzi likapungua, kwa kuwa maneno hayakulihitaji tena kwa kiasi kile kile.

Itakuwa kosa kuona hapo hasara peke yake. Taarab ya kisasa iliwapa wanawake waimbaji jukwaa pana na kipato, na iliwafikia wasikilizaji ambao vyama vya Mji Mkongwe havikuwahi kuwafikia. Lakini hesabu ya upande wa pili nayo ifanywe. Pale palipokuwa na safu ya wapigaji wa fidla, waliojifunza kwa kukaa karibu na wakubwa wao kwa miaka, palibaki mtu mmoja. Kazi iliyopotea ilikuwa pia shule iliyofungwa. Si ajabu kwamba Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwanzoni mwa karne ya 21, kiliweka mafunzo ya udi, ganuni, fidla na ngoma katika kiini cha kazi yake.

6. Okestra ndani ya kompyuta

Kompyuta imeendeleza safari hiyo kwa njia yake. Mwaka 1963 ilitoka nchini Uingereza ala iitwayo Mellotron, ambayo kila kibonye chake kilichezesha utepe uliorekodiwa ala halisi, fidla zikiwamo. Mwaka 1979 Fairlight ya Australia ilifanya kazi kama hiyo kwa njia ya kidijiti. Mwaka 1983 kanuni za MIDI ziliwezesha vinanda na kompyuta za makampuni mbalimbali kuelewana. Tangu mwaka 2000 kazi ya Vienna Symphonic Library ilionesha kwamba okestra nzima inaweza kurekodiwa noti kwa noti, kwa nguvu mbalimbali za mkono, na kuhifadhiwa ili mtunzi aijenge upya.

Ufundi huo una uwezo mkubwa, lakini haukutendea nyuzi na ngoma sawasawa. Ngoma ikishapigwa, sauti yake huzaliwa na kufa haraka. Kipande kilichorekodiwa vizuri kinaweza kuiwakilisha kwa uaminifu, mradi virekodiwe vipande kadhaa vya pigo moja ili marudio yasifanane kabisa. Fidla ni jambo jingine. Upinde hauiachi sauti: huikaza, huilegeza na kuigeuza hadi mwisho wa noti. Ndiyo maana dumbaki la kompyuta humdanganya msikilizaji mapema, na fidla ya kompyuta humtia shaka.

Tatizo la pili ni la vipimo vya sauti. MIDI hupewa kila noti namba kuanzia 0 hadi 127, na mpangilio wake wa kawaida ni noti kumi na mbili zilizolingana katika kila oktava. Makamu za hijazi au nahawandi zinaweza kukaa humo bila taabu kubwa. Rasti, bayati na sika zina sauti zinazoangukia kati ya namba mbili. Zipo mbinu za kuzipindisha, na wapo watengenezaji wa vinanda waliotoa vyenye vibonye maalumu kwa ajili hiyo, lakini mtunzi lazima ajue kwamba sauti hizo zipo ndipo azitafute. Asiyejua atapewa jirani yake wa karibu, na sikio la kizazi kimoja litaizoea. Ubishi wa Cairo wa mwaka 1932 umejibiwa kimyakimya kiwandani.

Tatizo la tatu ndilo zito zaidi kwa taarab. Safu ya fidla iliyomo ndani ya programu huwa imerekodiwa watu wakipiga kwa pamoja na kwa usawa, kwa kuwa hicho ndicho kilichohesabiwa kuwa ubora. Mapambo ya kila mkono, yaliyokuwa roho ya safu ya taarab, yalifutwa kama kasoro kabla ya kazi kuanza. Mtunzi anayeyataka analazimika kupiga mahadhi yale yale mara nne au tano, kila mara kwa tofauti ndogo, na kuziweka sauti moja juu ya nyingine. Inawezekana, lakini hapo mtu mmoja anaigiza mazungumzo ya watu watano.

Wakati huohuo, si kweli kwamba mashine humaliza ubunifu wa wenyeji. Mchiriku wa Dar es Salaam ulikichukua kinanda kidogo cha bei nafuu na kukizungushia ngoma za Wazaramo. Singeli nayo, iliyochipuka katika vitongoji vya jiji hilo, ilichukua vipande vya mapigo ya taarab, ikavizungusha na kuviharakisha kwa kompyuta hadi zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Vijana hao hawakufungua fungu la ala za dunia. Walichukua kilichokuwa kikivuma nyumba ya jirani.

7. Hitimisho

Historia ya nyuzi na ngoma Zanzibar inaonesha kwamba kuunganisha ala zenye asili mbalimbali si uvumbuzi wa kompyuta, wala si zawadi ya albamu moja. Ni desturi ya muda mrefu yenye kanuni zake: nyuzi hujibu shairi, ngoma huielekeza pumzi ya nyuzi, na kila mpigaji hubaki na mkono wake ndani ya sauti ya wote. Kompyuta inaweza kuhifadhi sauti za ala zote hizo. Kanuni za kuzikutanisha hukaa kwa watu.

Kutokana na hayo, kuna kazi mbili zinazowahusu wanaisimu na wanafasihi. Ya kwanza ni ya istilahi. Neno okestra ya kompyuta linatosha na linaeleweka. Lakini kuzipanga ala ndani yake kufuate mgawanyo ambao Kiswahili tayari kinao, wa nyuzi, wa kupuliza na wa kupiga, badala ya kutafsiri fungu la ala za dunia na kulirithi pamoja na dharau iliyomo. Ya pili ni ya kumbukumbu. Wapigaji waliojifunza katika okestra kubwa wanazidi kupungua. Wakirekodiwa, warekodiwe wakiwa pamoja, mwimbaji akiwa mbele yao na shairi likiwa kamili, kwa sababu fidla iliyorekodiwa peke yake itamwachia mtafiti wa kesho jibu lisilokuwa na swali.